Kisigino na Ushuhuda Wetu



Sisi tunaoandika ni mume na mke, washarika wa Morogoro, tulio katika ndoa mwaka wa 31 sasa. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwingine ni mama lishe anayeuza chakula karibu na stendi ya Msamvu. Kisigino tunachotaka kuwaeleza habari zake ni kimoja tu, cha mguu wa kulia wa mama. Lakini tumekubaliana kuandika "sisi", kwa sababu maumivu yale tuliyabeba wawili, na makosa yaliyofuata tuliyafanya wawili. Pale itakapobidi kututenganisha tutasema "mama" na "mwalimu", kama tunavyoitana nyumbani.

Mwaka 2022 tulitoa ushuhuda mbele ya usharika wetu. Tunaandika ili kuusahihisha, na pia kwa sababu tunajua kwamba kati yenu mnaosoma wamo wenye kisigino kama hiki ambao kesho alfajiri wataogopa kuteremsha mguu kitandani.

Ilianza wakati wa masika ya mwaka huo. Mama aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida yake ili awahi kuwasha jiko. Aliteremsha miguu, akakanyaga chini, akaketi tena kitandani. Alisema amekanyaga msumari. Tukawasha taa ya simu tukamulika sakafu yote hadi chini ya uvungu. Hapakuwa na msumari wala mwiba. Akajaribu tena, akaenda kwa ncha za vidole hadi mlangoni huku ameshika ukuta. Baada ya hatua ishirini au thelathini maumivu yakapungua, na alipofika kibandani tulikuwa tumekwisha kusahau. Kesho yake msumari ulikuwa uleule, mahali palepale.

Anayeyajua maumivu haya anaijua pia tabia yake. Humsubiri mtu apumzike ndipo yamwadhibu. Ukilala usiku kucha, hatua ya kwanza asubuhi unailipia. Ukiketi nusu saa kula chakula, ukisimama unalipia. Ukishatembea kidogo mguu unapata moto, nawe unaonekana mzima, hata watu wakikuambia unajidekeza huna la kuwajibu. Kisha jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, unyayo wote unawaka.

Kupumzika hatukuweza. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa chuoni na pensheni ya mwalimu ilikuwa haitoshi ada. Kibanda ndicho kilichokuwa kinatulisha. Sakafu yake ni ya saruji, na mama alikuwa ameisimamia miaka 14, tangu chapati za alfajiri hadi wali na maharage ya mchana, akiwa amevaa ndala bapa zilizoliwa upande wa kisigino. Tena tuseme kweli, katika miaka hiyo uzito wake ulikuwa umeongezeka, na uzito wote huo ulikuwa juu ya visigino viwili.

Watu walipoanza kuona anachechemea, wakasema, "Amekanyaga kitu." Kwetu maneno hayo mawili yanatosha. Hakuna anayekuambia ni kitu gani wala nani amekiweka. Hilo unaachiwa ulijaze mwenyewe. Nasi tulilijaza upesi. Kibanda kinachopakana na chetu ni cha dada mmoja anayeuza maji ya baridi na juisi. Miezi kadhaa kabla ya hapo tulikuwa tumegombana naye kwa sababu ya benchi la wateja, kwamba limevuka mpaka. Hatukumtuhumu kwa mdomo. Tuliacha tu kumsalimia. Mama akawa anazunguka mbali kila dada yule alipomwaga maji mbele ya mlango wake. Mwalimu, aliyefundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi na kuwaeleza watoto wa watu kwamba magonjwa yana sababu zake, naye pia aliacha kumsalimia.

Mwezi wa Agosti kulikuwa na mkutano wa maombezi uwanjani. Tulikwenda. Tulinunua chupa ya mafuta kwa shilingi 30,000, fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya ada. Wenye maumivu ya miguu walipoitwa mbele, mama alikwenda akawekewa mikono, akaambiwa aupige mguu chini kwa nguvu. Akaupiga. Hakusikia maumivu. Akaupiga tena, umati ukashangilia, akapewa kipaza sauti akasema amepona. Hapo hakudanganya. Ilikuwa Jumapili saa kumi na moja jioni, hakuwa amesimama kibandani siku hiyo, na alikuwa ametembea mchana wote hadi mguu ukalainika. Alisema alichokisikia. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiimba.

Jumatatu alfajiri mama aliteremsha mguu, msumari ukawa pale pale. Tulitazamana, hatukusema kitu.

Wiki hiyo habari za uwanjani zilikwisha kufika kwetu usharikani. Jumapili iliyofuata tukaitwa tusimame tumtukuze Mungu kwa uponyaji. Tulikuwa na siku sita za kujua ukweli. Tungeweza kusema, "Tuombeeni, bado." Badala yake tulisimama wawili, mama akasema amepona, na mwalimu akachukua kipaza sauti akaongeza kwamba yeye ni shahidi. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Ushuhuda wa uwanjani ulikuwa wa haraka; huu wa pili ulikuwa uongo.

Tangu siku hiyo tulikuwa na mzigo mwingine juu ya kisigino. Mama hakuweza tena kuchechemea mbele ya watu, maana angeuchechemesha na ushuhuda. Kwenye kwaya alisimama wima nyimbo zote. Siku za Meza ya Bwana ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu kupiga magoti si shida, shida ni kunyanyuka na ile hatua ya kwanza. Mwalimu akajifunza kupiga magoti upande wake wa kulia ili amnyanyue kwa kiwiko bila watu kugundua. Mama mmoja alituona akasema, "Jamani, mnavyopendana!" Tukatabasamu.

Na mama alianza kumeza vidonge vya maumivu alivyonunua dukani bila kumwambia mtu, hata mwalimu hakumwambia. Alivimeza wiki hadi wiki, mara nyingine bila kula, hadi tumbo likaanza kumuunguza usiku akashindwa kulala. Tumbo, si kisigino, ndilo lililotupeleka hospitali mwezi wa Novemba. Daktari alivisimamisha vidonge vile, akampa dawa ya tumbo, akauliza ni maumivu gani yaliyokuwa yanatibiwa hivyo. Ndipo mama akavua kiatu.

Picha ya eksirei ilionyesha kifupa kidogo kilichochongoka chini ya kisigino, kama mdomo wa ndege. Wanakiita mwiba wa kisigino. Tulipokiona tulikaribia kufurahi. Baada ya miezi yote ile, adui alikuwa na sura, tena alikuwa mfupani, si mlangoni kwa jirani.

Tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, binti wa umri wa mtoto wetu wa kwanza. Aliitazama picha akaiweka pembeni, akaanza kubonyeza unyayo. Alipofika mahali fulani chini ya kisigino, upande wa ndani, mama akapiga kelele. Binti akasema, "Ni hapa. Lakini siyo ule mwiba, mama."

Alitueleza hivi. Watu wengi wana mwiba kama huo wala hawaumwi, na wengine wanaumwa hivyohivyo bila kuwa nao. Chini ya unyayo kuna utando mnene na mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, mfano wa uzi uliofungwa kwenye upinde. Kila hatua huuvuta. Ukisimama miaka kwenye sakafu ngumu, kwa kiatu bapa, na uzito mwingi, na misuli ya shavu la mguu iliyokaza, utando huo huumia kidogo kidogo pale unaposhikana na kisigino. Usiku unapolala, wayo huelekea chini na utando hujikunja. Alfajiri unakanyaga ghafla, unanyooshwa kwa nguvu kabla haujawa tayari. Huo ndio msumari.

Mwalimu akauliza, "Kwa hiyo mwiba hautatolewa?"

"Baba, mwiba unaweza kubaki hapohapo na maumivu yakaondoka," akasema. "Wengi hupona bila upasuaji. Lakini ni kazi ya miezi, wengine hufika hata mwaka, na kazi yenyewe iko nyumbani. Mimi nawafundisha leo, wa kufanya ni ninyi."

Tulitoka tumenuna. Tulifunga kibanda siku nzima tukitarajia sindano, au dawa yenye jina gumu, na tumepewa mazoezi. Tuliporudi kwenye daladala mwalimu alimkumbuka Naamani, yule jemadari aliyekasirika kwa kuambiwa akaoge mtoni mara saba, wakati alitaka nabii atoke nje amwekee mkono kwa kishindo. Mwalimu alilisema hilo kwa mzaha. Mama hakucheka.

Tunaandika hapa tulivyofundishwa, kwa ajili ya mwenye shida kama yetu.

La kwanza ni kuuandaa mguu kabla haujakanyaga. Ukiwa bado umeketi kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, shika vidole, uvivute kuelekea juu ya mguu mpaka usikie utando wa unyayo umekaza kama kamba chini ya kidole chako cha mkono. Hesabu hadi kumi, achia. Rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na mara ya kwanza iwe kabla ya hatua ya kwanza kabisa.

La pili ni ukuta. Weka mikono ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, goti lake limenyooka na kisigino kisiinuke chini. Sogea mbele taratibu mpaka shavu la mguu livutike. Kaa hivyo sekunde thelathini, mara tatu.

La tatu ni chupa ya plastiki ya maji yaliyogandishwa. Jioni unaketi kitini, unavaa soksi au unaifunga chupa kitambaa ili barafu isiunguze ngozi, kisha unaiviringisha chini ya unyayo dakika kumi hadi kumi na tano.

La nne ni viatu. Hakuna kutembea peku, hata kwenda bafuni usiku. Ndala bapa ziliachwa. Tulinunua raba za mtumba zenye soli nene laini na kisigino kilichoinuka kidogo, zikawa zinalala kando ya kitanda ili mguu uingie humo moja kwa moja. Kibandani tuliweka kipande cha mpira mnene mahali anaposimama mama, na kigoda cha kukalia akichambua mchele na kukata vitunguu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba nusu ya kazi aliyoifanya amesimama miaka 14 ilikuwa inafanyika mtu akiwa ameketi.

La tano ni uzito, ambao ulipungua polepole sana, kwa kuacha chai ya sukari nyingi na kumalizia chapati zilizobaki.

Na tuliambiwa tahadhari hizi. Mwenye kisukari, au ambaye nyayo zake zina ganzi, asianze barafu wala maji ya moto bila kumwona daktari, maana anaweza kuungua asijue. Kisigino kilichovimba kikawa chekundu, kinachouma hata mtu amelala, chenye homa, au kilichoanza baada ya kuanguka, hicho si cha kutibia nyumbani. Na vidonge vya maumivu si peremende.

Sasa, zoezi la kwanza lilikuwa na tatizo. Mama hakuweza kuupandisha mguu juu ya goti alfajiri. Mwili ulikuwa mzito na nyonga imekaza. Basi ikawa kazi ya mwalimu. Alfajiri ya kwanza alipiga magoti sakafuni mbele ya kitanda akaushika wayo wa mama. Mwalimu anakiri hapa kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuushika. Kisigino kilikuwa kimepasuka nyufa, zingine zimeingia majivu ya jiko yasiyotoka kwa kuoga. Alivivuta vidole akaanza kuhesabu kwa sauti ya darasani: moja, mbili, tatu. Mama akaangua kicheko, akasema, "Mwalimu, mimi si wa darasa la kwanza."

Kumi mara kumi ni mia. Kila alfajiri tulihesabu hadi mia, giza bado halijatoka. Wiki ya kwanza tuliona kazi. Wiki ya pili mama akasema, kwa kuwa tunapoteza muda huu, kila kumi iwe ya mtu mmoja. Tukaanza na watoto wetu, kumi ya kila mtoto. Kisha wazazi waliobaki, mchungaji, wagonjwa wa jumuiya. Siku moja tulifika kumi ya tisa tukakosa jina. Kimya kikawa kirefu, mwalimu ameshika vidole hajaanza kuvuta. Mama akasema, "Ya jirani." Mwalimu hakuuliza jirani gani.

Siku hiyohiyo ilikuwa lazima tumtafute, maana sisi hatuna friji. Tulikuwa tumeziruka siku za chupa kwa kisingizio hicho. Jirani mwenye friji alikuwa yeye. Mama alikwenda na chupa mkononi, akasimama mlangoni pake palepale alipokuwa akipazunguka.

"Dada, naomba unigandishie hii."

"Ya nini?"

"Ya kisigino."

Akamtazama. "Si mlishuhudia mmepona?"

Basi mtu wa kwanza kuambiwa ukweli alikuwa yule tuliyekuwa tumemnyima salamu. Mama alisema, "Hatukupona. Tulidanganya." Na kwa kuwa mdomo ulikwisha kufunguka, akamwambia na lile lingine, kwamba tulimdhania vibaya, akamwomba msamaha. Dada yule aliendelea kupangusa meza yake kwa muda. Kisha akasema, "Nilijua. Uliyaruka maji yangu miezi yote." Akaichukua chupa. Mama alipokuwa anaondoka akamwita, "Lete na ya pili. Moja ikiwa mguuni, nyingine iwe inaganda."

Wiki ya tatu na ya nne tuliona kama kisigino kimezidi. Mama alitaka kuacha. Tulipouliza tukaambiwa tusiivute miguu kwa hasira, ivutwe kwa upole, na tusipime maendeleo kwa siku bali kwa mwezi. Mwalimu akaanza kuandika kwenye daftari: leo hatua ngapi kabla ya kupungua. Mwezi wa Novemba zilikuwa thelathini na kitu. Karibu na Krismasi zikawa ishirini. Kisha ukatokea msiba, mama akakaa chini siku tatu na kupika peku pamoja na wenzake, namba ikarudi juu. Ndivyo ilivyokwenda, mbele na nyuma, lakini mbele zaidi.

Katika jumuiya yetu, Januari 2023, somo lilikuwa Marko sura ya 8, yule kipofu wa Bethsaida. Mnalikumbuka: Bwana alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, akamgusa macho, kisha akamuuliza kama anaona chochote. Tulikuwa tumelisoma mara nyingi, ila siku ile tuliona jambo jipya. Mtu yule ameguswa na Yesu mwenyewe. Lingekuwa jambo rahisi kwake kusema naona vizuri, asante. Lakini alisema kweli, kwamba anaona watu ila wako kama miti inayotembea. Yaani, Bwana, bado. Wala Yesu hakumkemea kwa imani haba. Alimgusa mara ya pili. Tulijiuliza, kama angeona aibu kusema bado, angeenda nyumbani na macho ya namna gani?

Mama alisimama mbele ya jumuiya akasema kila kitu. Mwalimu akasimama karibu naye, maana kipaza sauti alikuwa amekishika na yeye.

Tulitegemea kulaumiwa. Lakini aliyeanza kusema alikuwa bibi mmoja mzee wa jumuiya yetu, mwenye goti bovu. Alisema siku ile uwanjani naye alikwenda mbele, akawekewa mikono, goti likabaki kama lilivyo. Akaja kanisani akatusikia sisi. "Nikasema, Mungu amewaona wale wawili, mimi imani yangu ni ndogo. Tangu siku hiyo sijaomba habari ya goti. Niliona aibu kumsumbua."

Wapendwa, hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumefanya. Tulidhani uongo wetu ulikuwa unambeba Mungu, au tuseme kweli, unatubeba sisi. Kumbe ulikuwa umelala juu ya goti la bibi yule. Yeye alikuwa na maumivu moja, sisi tukamwongezea la pili.

Kwa ruhusa ya mchungaji tulirudia maneno hayo ibadani. Wengine hawakupenda; walisema tumevunja watu moyo. Mchungaji alisema ushuhuda unaosahihishwa nao ni ushuhuda, akaomba kwa ajili yetu na kwa ajili ya bibi. Mwezi uliofuata alipelekwa hospitali kuonwa goti. Sasa anatembelea fimbo, na anaomba habari ya goti lake bila aibu.

Sikukuu ya Pasaka ya mwaka huo mama alikanyaga chini akasikia ukakamavu tu, bila msumari. Septemba, mwezi wa kumi tangu tuanze, daftari la mwalimu lilikuwa na sifuri nyingi mfululizo akaacha kuandika. Hatutasema tena zaidi ya kilichopo. Mwiba, kwa jinsi tunavyojua, bado umo mfupani. Akisimama mno siku za sikukuu, au akisahau raba, kisigino humkumbusha, naye hurudia chupa na ukuta siku kadhaa kikatulia.

Je, tunasema maombi ya uponyaji si kitu? Hapana. Tumeomba kuliko wakati wowote, hadi mia kila alfajiri. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza ipondwe tini iwekwe juu ya jipu. Jibu la maombi lilikuja na mkate wa tini, na mtu fulani ndani ya nyumba ile alilazimika kuuponda na kuushikiza pale palipouma. Mungu ambaye angeweza kuponya kwa neno alimwachia mtu huyo sehemu ya kazi. Kwetu ilikuwa chupa ya maji, raba za mtumba, mikono ya mwalimu na friji ya jirani. Tulikuwa tunautazama uwanja tukiungoja muujiza, na fungu letu lilikuwa limewekwa ukingoni mwa kitanda, lifanywe kidogo kidogo.

Basi ewe mwenye kisigino, goti, au lolote ambalo limeombewa na bado lipo: usione aibu kusema bado. Sema kwa Bwana, sema kwa jumuiya, sema kwa daktari. Na wewe unayekaa na mgonjwa, uliza kama kuna zoezi analoshindwa kulifikia peke yake.

Sisi bado tunahesabu. Siku hizi kisigino hakihitaji kila siku, lakini majina yameongezeka, na kumi ya tisa ni ya jirani. Bwana awabariki.